Dawa za wanafunzi ziondolewe kwenye zamu: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na afya Tanga

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga, maafisa elimu wa msingi na sekondari, Mganga Mkuu wa Jiji, na wenzenu wa Muheza, Pangani, Mkinga na Korogwe ambao hali yao haina tofauti na yetu.

Waheshimiwa, salaam.

Tunawaandikia kuhusu jambo linalofanyika kila siku ya masomo kuanzia Chumbageni hadi Pongwe, na ambalo karibu halina karatasi. Mtoto anakuja na dawa mfukoni, anamkabidhi mwalimu wa zamu, mwalimu anaiweka kwenye droo. Jumatatu inayofuata zamu inahamia kwa mwingine. Dawa imebaki kwenye droo, maelezo yake yameondoka na yule aliyeipokea.

Hoja yetu ni moja. Makosa ya dawa shuleni kwa kawaida hayaletwi na dawa mbaya wala na walimu wasiojali. Yanatokea pale dawa inapopita mkono kwa mkono bila maandishi. Tunaomba basi dawa ziondolewe kabisa kwenye zamu. Kila shule iwe na mtu mmoja mwenye jukumu hilo na msaidizi wake mmoja, wateuliwe kwa barua ya mkuu wa shule, wafundishwe na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, na mwalimu mwingine yeyote awe na haki ya kukataa kupokea dawa bila kuonekana mkaidi. Yanayofuata ni namna kazi hiyo inavyotakiwa kufanywa, na mahali inapoharibika.

Tuanze na swali ambalo watu hulisahau: je, dawa hii ina haja ya kufika shuleni? Dawa ya kutwa mara moja au mara mbili humezwa nyumbani, kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Hata ya kutwa mara tatu, kwa mtoto wa shule ya kutwa anayefika nyumbani mchana, mara nyingi inaweza kumezwa saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 au 4 usiku kabla ya kulala. Mzazi amweleze mtoa dawa kwamba mtoto anasoma, tena na saa anazotoka madrasa. Mara nyingi ipo ratiba inayowaacha mwalimu na ustadhi wote nje ya jambo hili. Tukizitoa hizo, zinazobaki ni chache: dozi ya mchana isiyoepukika, dawa za wanafunzi wa bweni, na dawa za kuokoa ambazo lazima ziwe jirani na mtoto wakati wote.

Sasa tuitazame bahasha yenyewe. Ni kibahasha cha plastiki kutoka duka la dawa. Ndani mna vidonge sita vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti yao, na juu pameandikwa kwa kalamu: 1 x 3. Hakuna jina la dawa, hakuna nguvu yake kwa miligramu, hakuna jina la mtoto, hakuna tarehe ya kuisha muda. Aliyeandika alikusudia kidonge kimoja kutwa mara tatu. Anayesoma anaweza kuelewa kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mpigo. Jasho la mfukoni likiugusa wino, hata hiyo 1 haionekani vizuri.

Shule isipokee bahasha ya namna hiyo, hata mzazi akiileta mwenyewe. Ipokee dawa ikiwa kwenye pakiti au chupa yake ya asili, yenye lebo inayotaja jina la mtoto, jina la dawa na nguvu yake, kiasi cha kumpa kwa maneno kamili (“kidonge kimoja, saa 7 mchana, baada ya kula”), siku ya mwisho ya dozi na kituo kilichoitoa. Hili si gumu. Mfamasia wa Jiji anaweza kuyaagiza maduka ya dawa muhimu kwamba dawa ya mwanafunzi iandikwe kwa maneno, si kwa alama ya kuzidisha.

Saa nazo zina mtego wake. Simu ya mwalimu inaonyesha 08:00, daftari linasema saa 2, mzazi ameandika “8” tu. Dozi ya saa 8 mchana inaweza kutolewa saa 2 asubuhi, masaa sita kabla ya wakati wake, na kila mtu akaamini amefuata maandishi. Kila saa iandikwe na neno lake: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Mtego mkubwa zaidi ni majina. Ukanda wetu huu una akina Fatuma Ally na Juma Hamisi tele, na shule yenye wanafunzi mia kadhaa haikosi wawili wanaolingana majina yote mawili. Kwa hiyo mtoto asiulizwe “Wewe ndiye Fatuma?”, maana mtoto mwenye homa huitikia “ndiyo” kwa lolote. Aulizwe: jina lako nani, la baba, la babu, darasa gani, mkondo gani? Majibu yalinganishwe na karatasi. Picha ndogo ya pasipoti iliyobandikwa pembeni inamaliza ubishi.

Karatasi tunayoisema ni ukurasa mmoja wa idhini, unaojazwa na mzazi na kugongwa muhuri wa kituo cha afya kwa dawa za muda mrefu. Iwe na majina matatu ya mtoto, uzito wake, mzio alio nao, dawa na kiasi, madhara ya kutegemea, la kufanya dozi ikipita, na namba mbili za simu, kwa sababu ya mzazi mmoja huwa haipatikani siku ya shida. Idumu muhula mmoja tu. Uzito wa mtoto hubadilika na daktari hubadilisha dawa. Karatasi ya mwaka jana ni hatari kuliko kutokuwa na karatasi, kwa kuwa inaaminika.

Utoaji wenyewe hauchukui dakika tatu. Mhusika ananawa mikono, anamwita mtoto mmoja peke yake, anauliza majina. Anasoma lebo mara tatu: akiitoa kwenye kabati, akimimina, na akiirudisha. Kidonge kinamiminwa kwenye kifuniko, hakishikwi kwa vidole. Dawa ya maji inapimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe chenye alama za mililita. Kijiko cha chai cha nyumbani hakina kipimo; kipo kinachobeba mililita 3 na kipo cha 7, ilhali dozi imeandikwa 5. Dawa ya unga iliyochanganywa na maji, kama amoksilini ya watoto, itikiswe kwanza, la sivyo mtoto wa siku ya kwanza anakunywa maji na wa siku ya mwisho anakunywa tope lenye dawa yote. Mtoto ameze mbele ya mhusika, kwa maji safi, akiwa amesimama au ameketi wima.

Kisha ndipo kuandika, kamwe si kabla. Tumeona madaftari yaliyojazwa sahihi za wiki nzima siku ya Jumatatu. Daftari la namna hiyo halina faida kwa mtu yeyote. Siku ya tatizo haliwezi kumwambia daktari kama mtoto alimeza au hakumeza. Kila mtoto awe na ukurasa wake wenye tarehe, saa, dawa, kiasi, vidonge vilivyobaki na sahihi. Ukurasa wa pekee unasaidia mara mbili: majina hayachanganyiki, na mwanafunzi anayekuja kumeza hawezi kuchungulia mstari wa mwenzake. Ijumaa vidonge vihesabiwe. Vikipungua au kuzidi, kuna jambo, na litafutwe siku hiyohiyo. Dozi iliyopita isifidiwe kwa kumpa mbili pamoja.

Kuhusu mahali pa kutunzia, joto na unyevu wa Tanga vinahitaji kuheshimiwa. Dawa nyingi huandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30, pakavu. Kati ya Desemba na Machi, ofisi ya bati isiyo na dari hupita hapo kabla ya saa 5 asubuhi. Kabati la mbao lenye kufuli, kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, juu kidogo kutoka sakafuni, linatosha. Tranka la bati halifai, linapika kilichomo. Na tafadhali, kabati la dawa lisiwe ndani ya stoo ya chakula wala palipo na sumu ya panya.

Unyevu haupewi uzito unaostahili. Kabamazepini, dawa ya kifafa wanayotumia watoto wengi, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ikikaa kwenye unyevu; kidonge kinakuwa kigumu na hakiyeyuki vizuri tumboni, hadi kufikia thuluthi ya nguvu kupotea. Mtoto anameza kila siku bila kukosa, kifafa kinarudi, na watu wanaanza kusema dawa za hospitali hazimfai. Dawa za kifafa zibaki kwenye karatasi zake za foili au kopo lililofungwa vizuri hadi dakika ya kumezwa. Zikikatwa na kutiwa kwenye kibahasha kwa mwezi mzima hapa pwani, zimeharibiwa.

Baada ya kufunga kabati, tunawaomba mkumbuke kisichotakiwa kufungiwa humo. Pampu ya pumu yenye salbutamo haina maana ikiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda benki. Mwanafunzi anayeijua aibebe mwenyewe; mdogo abebewe na mwalimu wa darasa, na ya akiba iwe ofisini mahali pasipo na kufuli. Shambulio likija, mtoto aketishwe wima, asilazwe. Pampu itikiswe, na kama ni mpya au imekaa bila kutumika ipulizwe hewani kwanza. Mpulizo mmoja kwa wakati mmoja, kupitia chemba. Chemba si lazima inunuliwe: chupa ya maji ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu linaloubana mdomo wa pampu bila kuvuja, inafanya kazi hiyo. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa na kuvuta pumzi za kawaida nne hadi sita kwa kila mpulizo. Akishapata mipulizo minne, subiri dakika nne. Asipopata nafuu mpe minne mingine huku usafiri ukitafutwa. Anayeshindwa kumaliza sentensi, au mbavu zinazobonyea ndani akipumua, asisubiri hizo dakika. Mkebe una mipulizo 200, na mikebe mingi haina namba ya kuhesabia. Kuutikisa masikioni hakuonyeshi kitu, kwani gesi hubaki hata dawa ikiisha, kwa hiyo tarehe ya kuanza kutumika iandikwe juu yake.

Mwenye kisukari cha kutegemea insulini naye asitenganishwe na sukari yake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba, kuongea ovyo au kuwa mkali bila sababu, apewe palepale vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena sukari. Ikiwa bado chini ya 4 mmol/L, arudiwe, kisha ale. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali. Asitolewe darasani kwenda ofisini peke yake, maana anaweza kuanguka njiani. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyofunguliwa hutumika kama siku 28 ikilindwa dhidi ya joto. Mahali inapoharibika zaidi ni kwenye jokofu la kantini linalogandisha lambalamba: insulini ikiganda mara moja tu imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ushauri wa kuipooza kwa chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati ni mzuri zaidi kwa bara kwenye hewa kavu. Kwa unyevu wetu hupooza kidogo tu, ingawa bado ni afadhali kuliko droo. Na mabomba: insulini ya yuniti 100 kwa mililita ipimwe kwa bomba la U-100. Bomba la U-40 likiingia kwa bahati mbaya, kila alama yake itampa mtoto mara mbili na nusu ya alichoandikiwa.

Kwa kifafa, shule zinahitaji zaidi utulivu kuliko dawa. Tazama saa, laza ubavu, ondoa meza na mawe karibu, legeza kola au mtandio. Asitiwe kijiko kinywani, asimwagiwe maji, asinusishwe kiatu wala kitunguu. Povu lake haliambukizi. Ikipita dakika tano, au akishikwa tena kabla hajazinduka, ni hospitali. Mwenye selimundu ana mahitaji ambayo hayagharimu kitu na bado hunyimwa: chupa ya maji mezani, ruhusa ya kwenda msalani bila kuomba mara tatu, na kutosimamishwa juani mstarini. Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu ya kifua, paracetamo isiwe sababu ya kumchelewesha. Aende hospitali siku hiyohiyo. Kidonge chake cha haidroksiyurea kisifunguliwe wala kusagwa, na matroni mjamzito asikiguse.

Hapo kwenye paracetamo tuseme wazi, kwa kuwa ndiyo dawa inayotolewa kuliko zote na kwa mazoea kuliko zote. “Nusu kwa wadogo, viwili kwa wakubwa” si kipimo. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 anapata nusu ya kidonge cha miligramu 500, wa kilo 35 kimoja. Asirudiwe kabla ya masaa manne, na asizidishe mara nne kwa siku nzima usiku na mchana. Kabla ya kumpa, aulizwe nyumbani alimeza nini na saa ngapi, kwa sababu dawa nyingi za mafua zina paracetamo ndani yake. Kisha apimwe joto na liandikwe. Pwani hii homa ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kidonge kikiishusha homa saa 4 asubuhi bila kuandikwa popote, mzazi jioni ataona mtoto mzima na hatampeleka kupima. Aspirini isitolewe kwa mwanafunzi mwenye homa aliye chini ya miaka 16. Inaweza kuleta madhara ya ini na ubongo. Diklofenaki na viuavijasumu visiwemo kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza hata kwa nia njema.

Bwenini kuna tabia ya kugawana vidonge vya rangi mbili (kapsuli za viuavijasumu) vilivyobaki, wa kidonda akimpa wa kikohozi. Dawa yake ni ukaguzi wa tranka siku ya kuripoti na kuhakikisha kila aliyeanza dozi anaimaliza. Dawa mseto ya malaria (ALu) ndiyo mfano mzuri wa dozi inayovurugika bwenini. Ya pili humezwa masaa manane baada ya ya kwanza, kisha kila asubuhi na usiku siku mbili zinazofuata, jumla mara sita. Aliyeanza saa 4 asubuhi anatakiwa kumeza tena saa 12 jioni, halafu kesho yake saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na keshokutwa hivyohivyo. Idadi ya vidonge ni kwa uzito: kilo 15 hadi chini ya 25 viwili kila mara, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Imezwe na chakula chenye mafuta, maziwa, au hata mchuzi wa nazi, maana bila mafuta mwili hauichukui vya kutosha. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo, na zahanati iombwe ya kufidia. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wanarudi uwanjani, na dozi mbili za mwisho zinabaki kwenye pakiti. Matroni aandike dozi zote sita na saa zake siku ya kwanza, asisubiri kukumbuka.

Wapo wanafunzi wanaomeza dawa za kufubaza VVU. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri zao, lakini siri huvuja kwa mambo madogo kuliko sheria. Mwanafunzi hubandua lebo ya kopo ili wenzake wasisome, na hapo kopo linakuwa na vidonge visivyo na jina. Kopo nalo hulia akitembea. Wengine hutia pamba au kipande cha kitambaa kisafi ndani kuzuia mlio, na hilo halina ubaya mradi kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kisitolewe. Shule iwe na mtu mmoja tu anayejua, aliyechaguliwa na mtoto mwenyewe na mlezi wake. Ukurasa wake usiandikwe ugonjwa. Asitolewe prepu saa ileile kila siku kwa kuitwa jina. Na kamwe pasitangazwe mstarini, “Wanaomeza dawa wabaki.” Tarehe za kliniki zipangwe siku za likizo, kliniki ya huduma na tiba ya VVU (CTC) ikitoa dawa za kutosha muhula mzima inapowezekana.

Ramadhani hubadilisha ratiba za karibu kila shule yetu, na shule zisiamue peke yao. Wiki mbili kabla ya mfungo, orodha ya wenye dawa za kudumu ipelekwe zahanati. Nyingine zinahamishika vizuri kwenye futari na daku. Za kifafa na insulini zisisogezwe bila daktari, na mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga. Ni vema shehe wa msikiti wa jirani ndiye amwambie mtoto na mzazi neno hilo, maana kwa mwalimu halisikiki vilevile.

Limebaki suala la kampeni za dawa za minyoo na kichocho, ambako shule huombwa kumezesha mamia ndani ya asubuhi moja. Albendazo ni rahisi: kidonge kimoja cha miligramu 400 kwa kila mwanafunzi. Prazikwanteli ya kichocho ndiyo inayotaka akili. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kilo, na badala ya mizani hutumika fimbo ya urefu: sentimita 110 hadi 124 kidonge kimoja na nusu, 125 hadi 137 viwili, 138 hadi 149 viwili na nusu, 150 hadi 159 vitatu. Fimbo isimame kwenye sakafu ya saruji, si kwenye nyasi, viatu vivuliwe, kilemba au fundo la nywele chini ya hijabu lisihesabiwe. Watoto wawe wameshiba, uji mwepesi hautoshi. Tumbo tupu ndilo linaloongeza kichefuchefu na kizunguzungu, na akizirai mmoja kwenye foleni, kumi watamfuata kwa hofu. Kidonge ni kikubwa na kichungu, basi kivunjwe kwenye mistari yake na kimezwe upesi kwa maji. Mtoto anayelia asilazimishwe wala kubanwa pua. Watoto wanaweza kupaliwa na kufa hivyo. Aachwe, arudi siku ya walioachwa. Mgonjwa wa siku hiyo asipewe. Mwenye kifafa apelekwe kituoni, kwa sababu ya usalama wake na kwa kuwa kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya prazikwanteli mwilini.

Wazazi waarifiwe siku kadhaa kabla, kwa maandishi na msikitini na kanisani, pamoja na madhara ya kawaida na muda yanaokaa. Mwaka 2008 mkoani Morogoro kampeni kama hii iliibua uvumi na vurugu katika baadhi ya shule. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba mwanawe anaweza kuumwa tumbo jioni atampa chakula na kumlaza. Asiyeambiwa atakuja shuleni na majirani.

Makosa yatatokea hata hivyo. Mtoto akipewa dawa ya mwenzake, asitapishwe, asinyweshwe mafuta wala maziwa. Apelekwe kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza na ukurasa wa daftari, mzazi apigiwe simu wakati huohuo. Kisha liandikwe lilivyotokea. Hapa ndipo tunapowahitaji zaidi, waheshimiwa. Mwalimu anayejua kwamba kuandika kosa ni kujiandikia barua ya kujieleza atafunika kombe, na kosa lilelile litarudi kwa mtoto mwingine. Toeni waraka unaosema kwamba mhusika aliyefuata karatasi na akatoa taarifa siku hiyohiyo hatachukuliwa hatua za nidhamu kwa kosa la nia njema, na kwamba mwalimu asiyeteuliwa hawezi kuamriwa kutoa dawa. Walimu wengi wanafanya kazi hii kwa huruma tu, na huruma haitawatetea siku mambo yakiharibika.

Tunapendekeza kuanza na shule za bweni, Januari masomo yanapofunguliwa, halafu za kutwa muhula wa pili. Kila shule inahitaji kabati lenye kufuli, kipimajoto cha mwili na cha chumba, mabomba ya mililita 5 na 10, mizani, daftari, na siku mbili za mafunzo kwa watu wawili. Zahanati ya kata imtoe muuguzi mmoja kupita kila muhula, kufungua kabati, kuondoa zilizoisha muda na kuzirudisha kituoni kwa ajili ya kuteketezwa, maana hivi sasa nyingi huishia shimo la taka ambako watoto huchezea. Rasimu ya karatasi ya idhini na ya ukurasa wa daftari tumekwisha kuiandaa, zote mbili zinaingia kwenye A4 moja pande mbili. Tunaomba ofisi zenu zimtaje afisa wa kukabidhiwa rasimu hiyo na siku ya kukaa naye kuipitia, kabla shule hazijafungwa Desemba.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, wafamasia na walimu wa afya wa shule,
Tanga